Mbayuwayu wa msimu: mjue, mtunze, usimchanganye na kwelea

Trekta likishaingia shambani wiki ya kwanza ya mvua, utawaona. Wanakuja kumi, ishirini, pengine mia, wanapita mbele ya tairi chini chini karibu waguse udongo, wanageuka ghafla kama wamevutwa kwa uzi, kisha wanarudi. Dereva amewazoea, hata shingo hageuzi. Lakini msimu mmoja mkulima wa mpunga hapa bonde la Usangu, Mbeya, alinipigia simu alfajiri: "Bwana shamba, kwelea wameingia, njoo na dawa." Nilipofika sikukuta kwelea, wale ndege wala nafaka, nikakuta mbayuwayu. Majaruba ndiyo kwanza yalikuwa yanavurugwa, miche iko bado kitaluni, hakuna punje hata moja ya kuliwa na ndege yeyote.

Sikumlaumu. Tunakaa na wakulima siku nzima tukizungumzia mbolea, nafasi za kupandia na mbegu bora, lakini ndege tumewaacha wajijulie wenyewe. Matokeo yake kila ndege mdogo anayeruka kwa kundi anaitwa kwelea, na kila kundi linaombewa sumu.

Mbayuwayu ninayemzungumzia hapa ni yule mhamaji, anayezaliwa Ulaya na Asia ya magharibi na kuja huku kwetu baridi inapoanza kule. Wa kwanza huonekana mwishoni mwa Agosti au Septemba, wengi hufika Oktoba na Novemba. Baadhi hubaki Afrika Mashariki, wengine hupitiliza hadi Afrika Kusini, safari ya kilomita kama 10,000 kwa anayetoka Uingereza. Machi na Aprili wanarudi.

Ukimpata ametua kwenye waya wa umeme, mtazame vizuri. Mgongoni ni mweusi wenye mng'ao wa buluu, kama chuma kipya. Paji la uso na koo vina rangi ya kutu, na chini ya koo kuna mshipi mweusi wenye ubuluu unaokata kifua. Tumbo ni jeupe au lenye weupe wa maziwa. Mkia umegawanyika kama panda ya manati, na manyoya mawili ya pembeni ni marefu na membamba. Akiutanua mkia hewani utaona mstari wa madoa meupe. Urefu wake ni sentimita 17 hadi 19, na mkia ukiwemo, uzito ni gramu 16 hadi 22 tu. Wale wachanga waliozaliwa mwaka huo hufika huku wakiwa wamefifia, koo limepauka, mkia mfupi. Usidhani ni ndege wengine.

Tunao pia mbayuwayu wa kwetu wasiohama kwenda Ulaya, nao wanachanganya watu. Yule anayejenga chini ya madaraja na makalavati, mwenye kofia ya rangi ya kutu na koo jeupe pe, ni mwenyeji. Yule mwenye michirizi kifuani, anayejenga kiota cha udongo chenye mdomo mrefu kama chupa chini ya paa la nyumba au ghala, naye ni mwenyeji. Mhamaji hajengi kiota huku. Anataga na kulea kwao, kwenye mabanda ya ng'ombe na maghala ya wakulima wa Ulaya, kiota kimoja kikihitaji mamia ya vidonge vya tope vinavyobebwa kwa mdomo. Kwa hiyo ukiona kiota cha tope kwenye ghala lako, mwenye nacho ni mwenyeji, na sababu ya kukibomoa haipo. Kama kinyesi kinakukera, pigilia ubao chini yake.

Sasa tofauti na kwelea, maana hapa ndipo penye gharama. Usianze na rangi, anza na mdomo. Kwelea ana mdomo mnene, mfupi, uliochongoka kama koleo, mara nyingi mwekundu, uliotengenezwa kwa kupasua punje. Mbayuwayu ana kimdomo kidogo chembamba, lakini akikifungua kinapanuka hadi karibu na macho, kama mlango wa mfuko. Huo ni mdomo wa kudaka wadudu hewani. Punje ya mpunga hawezi kuipasua hata akitaka. Halafu tazama wanavyotua. Kwelea hutua kwenye masuke, masuke yakainama. Mbayuwayu hatui kwenye masuke kula, miguu yake ni mifupi na dhaifu, anapita juu ya mimea huku akila. Na angalia kalenda: kwelea ni tishio kuanzia punje zinapoingia maziwa. Kwetu Usangu, mpunga mwingi unapofika hatua hiyo, mbayuwayu mhamaji anafunga safari au ameshaondoka.

Anakula nini? Inzi, mbawakawa wadogo, mbu, vidukari wenye mabawa, siafu na sisimizi wanaporuka, na kumbikumbi baada ya mvua ya kwanza. Anafuata ng'ombe kwa sababu ng'ombe wanakusanya inzi na kwato zao zinaamsha wadudu kwenye majani. Anafuata trekta, pawatila (trekta dogo la mkono) na maksai kwa sababu hiyo hiyo. Hata maji anakunywa akiwa anaruka, anashuka juu ya lambo, anachota tone moja kwa mdomo, anapaa.

Naomba nisimpambe kupita kiasi. Nimesikia watu wakisema mbayuwayu atamaliza viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Hapana. Kiwavi amejificha ndani ya moyo wa mmea, na mbayuwayu hachokonoi majani, anadaka kinachoruka. Nondo wa kiwavi huyo naye huruka zaidi usiku, wakati mbayuwayu amelala. Kupe hawagusi kabisa, kwa hiyo josho lako liendelee na ratiba yake. Anachofanya ni kupunguza wadudu warukao mchana, kila siku, tangu mapambazuko hadi jua kuzama, kwa miezi sita, na hakudai hata shilingi. Kwangu mimi hiyo inatosha kumheshimu.

Kuna jambo jingine anakusaidia kama utakuwa na macho. Wakikazana kuzunguka juu ya kona moja ya shamba, wanarudi pale pale, maana yake kuna wadudu wanapanda kutoka pale. Nenda ukaone. Pengine ni kumbikumbi tu, na kumbikumbi hawana shida na mpunga wako. Pengine ni vidukari wameota mabawa na wameanza kuhama kutoka kwenye kunde. Watanzania tuna msemo kwamba akili za mbayuwayu changanya na zako, na shambani ndiyo namna ya kuutumia: yeye akuonyeshe mahali, wewe uiname ukague majani kabla ya kushika bomba la dawa.

Kukagua ndiko kunakomwokoa ndege huyu kuliko kitu kingine chochote. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini 2017, wakulima wengi wa mahindi wanapulizia kwa tarehe, si kwa hali ya shamba. Wiki ya pili dawa, wiki ya nne dawa, mdudu awepo asiwepo. Badala yake pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, simama sehemu tano, kila sehemu kagua mimea 20. Mahindi yakiwa machanga, kama mimea yenye kiwavi hai au kinyesi kibichi haifiki 20 katika hiyo 100, usipulizie, rudi baada ya siku chache. Ikifika au kuzidi, pulizia asubuhi sana au jioni, ukielekeza dawa ndani ya moyo wa mmea, si kuitawanya hewani. Jioni ninaipenda zaidi: kiwavi ametoka kula, nyuki wamerudi mzingani, mbayuwayu ameenda kulala. Na usichanganye viuatilifu viwili kwenye bomba moja kwa kubahatisha. Dawa inayoua kila kinachoruka inamwachia mbayuwayu mambo mawili: njaa, au mdudu mwenye sumu.

Nimalizane na chakula, nije kwenye kulala, maana hapo ndipo tunapowaua kwa wingi bila kukusudia. Mchana mbayuwayu wametawanyika, usiku wanakusanyika. Wanapenda matete na mafunjo yaliyosimama majini, wakikosa wanaingia kwenye miwa, majani ya tembo, hata mahindi. Makundi yanaweza kuwa makubwa ajabu: pale Mount Moreland karibu na Durban, Afrika Kusini, wamekadiriwa kufika milioni tatu kwenye matete ya bonde moja. Kwelea nao hulala kwenye matete. Tindiga moja, yaani eneo moja la majimaji lenye matete, linaweza kuwa na wote wawili.

Nilishuhudia hayo katika wilaya nyingine niliyofanyia kazi. Ilikuwa Machi, mtama umeanza kukomaa, kwelea wamesumbua kweli, na mazalia ya matete yakapuliziwa jioni. Asubuhi niliingia kuhesabu. Chini kulikuwa na kwelea, ndiyo, lakini kati yao walilala mbayuwayu. Nikamwokota mmoja. Mwepesi, kama theluthi ya yai la kuku. Mabawa yalikuwa mapya, meusi, yanang'aa. Unyoya mmoja wa nje wa mkia ulikuwa bado unaota, shina lake limo kwenye ala nyeupe kavu kama ganda la kitunguu. Mbayuwayu hubadili manyoya yake yote ya kurukia huku Afrika, unyoya baada ya unyoya, kwa miezi. Ule mkia mrefu anaoutambia dume huko Ulaya akitafuta jike umeota kwetu, kwa wadudu wa mashamba yetu. Yule alibakiza sentimita moja tu ya unyoya na wiki chache aondoke.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuripoti mazalia ya kwelea nataka wakulima wangu wakae pale jioni moja kamili. Kwelea huja mapema, makundi yanayofuatana kama moshi, na kelele zao utazisikia ukiwa mbali. Mbayuwayu huchelewa. Jua likishazama wanaanza kuzunguka juu sana, wengi, wakiongea kwa sauti ndogo ya vit-vit-vit, halafu giza likikaribia wanamiminika mateteni kwa dakika chache tu na kunakuwa kimya. Andika ulichokiona, andika na mwezi, umpe afisa ugani apeleke taarifa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, wanaosimamia kazi hiyo. Ukisema wazi kwamba kuna mbayuwayu ndani, wanaweza kutafuta eneo jingine ambalo kwelea wamelala peke yao, au kusubiri. Usijaribu kupulizia mazalia mwenyewe kwa bomba la mgongoni. Dawa ya kwelea ni kali, na yale maji kuna watu wanayanywa.

Matete yenyewe yaachwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bwawa, na najua wengi wetu tunalima hadi ukingoni. Kama unakata matete ya kuezekea, kata nusu mwaka huu, nusu mwakani, na ukate baada ya Aprili. Kuchoma moto tindiga Novemba ili kupata malisho ni kuwachomea watu kitanda wakiwa wamefika tu kutoka safari, na pia unakausha chanzo cha maji ya majaruba yako mwenyewe.

Mwisho kuna jambo dogo la mguuni. Ukiokota mbayuwayu aliyekufa, au akinasa ndani ya nyumba, angalia kama ana pete nyembamba ya chuma. Mei 1911 Mwingereza John Masefield alimvisha mbayuwayu pete huko Staffordshire. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyo akakamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini, na barua iliyopelekwa Uingereza ndiyo iliyothibitisha wanakokwenda mbayuwayu wa kule. Bila wale wa shambani kusoma pete, isingejulikana. Kwa hiyo nakili namba zote na maandishi yote kama yalivyo, andika tarehe na kijiji, piga picha ya pete kwa simu. Akiwa hai, mwache aruke na pete yake, usiivue. Akiwa amekufa, iweke pete kwenye bahasha. Mpelekee bwana shamba au bibi shamba wako, au ofisi ya wanyamapori ya wilaya.