Kubadilisha tairodi endi za Corolla NZE121 nyumbani

Usukani una mchezo, mbele kunagonga gari likipita kwenye makorongo, tairi linalika upande mmoja. Kwenye NZE121 mshukiwa wa kwanza ni tairodi endi (ncha yenye kiungo ya fimbo inayogeuza tairi usukani ukizungushwa; huko mbele tutaiita tairodi tu), ila usikimbilie dukani kabla hujapima. Piga jeki tairi lielee, lishike kushoto na kulia ulitikise, huku mwenzako ameweka kidole kwenye kiungo cha tairodi endi. Kidole kikihisi kiungo kinaruka, ndiyo hiyo. Mchezo ukitokea ndani ya mpira wa raki (mtambo wa usukani), ni raki endi, yaani fimbo ya ndani ambayo tairodi endi hufungwa juu yake, na hiyo ni kazi nyingine. Shika pia juu na chini: likicheza hapo, angalia boljointi (kiungo cha mkono wa chini wa tairi) na bearingi, maana tairodi mpya haitaponya kitu.

Nunua mbili. Ya upande wa pili ina umri uleule, na ukiibadilisha mwezi ujao utalipia alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi) mara ya pili. Kwenye boksi hakikisha kuna nati mpya na spliti pini (pini ya kupinda inayozuia nati isifunguke), na mpira wa kuzuia vumbi hauna mpasuko. Zana ni jeki na stendi mbili, spana namba 21 ya nati za tairi, spana za 17, 19 na 22 (nati za spea hutofautiana kwa mtengenezaji), koleo, brashi ya waya, nyundo mbili, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm), futi kamba na WD-40.

Weka gari sehemu tambarare na ngumu, vuta handibreki, zuia matairi ya nyuma kwa mawe au magogo. Legeza nati za tairi nusu mzunguko gari likiwa bado chini, kisha pandisha na ukalishe gari juu ya stendi. Jeki peke yake isikutie moyo hata kidogo.

Piga brashi nyuzi za raki endi, nyunyiza WD-40, subiri robo saa. Sasa legeza loki nati (nati inayobana tairodi kwenye raki endi) robo mzunguko tu, kabla hujagusa kitu kingine. Wengi huanza kwa kuchomoa kiungo kwenye nako (chuma kinachobeba tairi), halafu wanabaki na tairodi inayozunguka ovyo huku loki nati imeganda kwa kutu na hakuna pa kuishikilia. Baada ya hapo chora alama kwa rangi kwenye raki endi, pima kutoka katikati ya mpira wa kiungo hadi alama hiyo, uandike. Idadi ya mizunguko pekee haitoshi, kwa sababu tairodi za kampuni mbili zinaweza kupishana urefu kidogo.

Chomoa spliti pini, legeza nati ya kiungo lakini iache ikae kwenye nyuzi chache za mwisho. Usigonge ncha ya nyuzi kwa nyundo. Itabonyea na nati haitatoka tena. Gonga ubavu wa mkono wa nako, pale tundu lilipo, huku nyundo ya pili imeegemezwa upande wa pili. Tundu limechongwa kama koni, hivyo mshtuko hulifanya liachie lenyewe: utasikia "tap!" na kiungo kinaachia, nati ikikishikilia. Hapo toa nati, zungusha tairodi nje ukihesabu.

Kabla ya kuingiza mpya, futa tundu la nako liwe safi na kavu. Usipake grisi kwenye koni. Ukavu ndio unaoifanya ing'ang'anie. Zungusha tairodi mpya idadi ileile, kisha sahihisha kwa kipimo ulichoandika. Ingiza kiungo, kaza nati hadi Nm 49. Kiungo kikizunguka pamoja na nati, kisukume kwa jeki ndogo koni ikamate. Tundu la pini lisipolingana na pengo la nati, kaza zaidi hadi pengo linalofuata, usirudishe nyuma kamwe. Weka spliti pini mpya. Msumari au waya wa uzio tunauona sana kwenye gereji za barabarani, na ndivyo nati inavyodondoka safarini.

Shikilia tairodi kwa spana moja isipinde, kaza loki nati hadi Nm 74. Rudia upande wa pili, rudisha matairi, shusha gari, kaza nati za tairi kwa Nm 103, ukivuka kutoka moja hadi iliyo mkabala wake.

Sasa alaimenti. Hatua ya nyuzi (umbali wa uzi mmoja hadi unaofuata) ni milimita 1.5, lakini mzunguko mmoja wa tairodi husogeza ukingo wa tairi milimita kadhaa, kwa hiyo kosa dogo la kipimo hula tairi jipya ndani ya muda mfupi. Nyoosha usukani, pima kati ya mifereji ileile ya matairi mawili ya mbele, kwa mbele na kwa nyuma, kwa urefu sawa kutoka ardhini. Tofauti ikizidi milimita 3, rekebisha pande zote mbili kwa kiasi sawa. Hicho ni kipimo cha kukufikisha kwenye mashine ya alaimenti taratibu, si cha kusafiria kwenda mkoani.

Ukirudi na usukani umeinama huku gari linakwenda sawa, fundi hakuufunga katikati kabla ya kurekebisha. Mrudishie asogeze tairodi zote mbili. Usikubali mtu akuvulie usukani na kuupanga upya kwenye meno yake: mikono itaonekana sawa, lakini raki itakuwa haipo katikati na gari litakata kona zaidi upande mmoja kuliko mwingine.