Jinsi ya kuomba kupanda kilele cha Mwanihana, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa: kuanzia barua hadi getini

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa huingiwa kwa miguu. Haina barabara za kuzungukia na gari kama zile za Mikumi, kwa hiyo huhitaji kukodi Land Cruiser, na gari ndilo linalokula fedha nyingi katika safari za mbugani. Nalisema hili mapema kwa sababu Watanzania wengi bado wanaamini kwamba hifadhi ni za wageni wenye dola. Ukiwa na kitambulisho cha NIDA, magoti mazima na subira ya kuandika barua, unaweza kutembea siku tatu na kulala mara mbili katika msitu wenye viumbe wasiopatikana kwingine kokote duniani. Yupo kima wa Sanje, ambaye wenyeji humwita ng'olaga. Wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu, ilhali watu wa Sanje walikuwa wakimsikia akiita tangu enzi na enzi.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992. Ina kilomita za mraba 1,990 na imegawanyika kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa. Makao yake makuu yako Mang'ula, Wilaya ya Kilombero, pembeni mwa barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Njia ya Mwanihana ina urefu wa kilomita 38, kwenda na kurudi, na kilele chake kinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa Mang'ula iko chini kabisa, kwenye mita 300 hivi, utapanda karibu urefu wote huo kwa miguu yako. Ipo pia njia ya Lumemo ya takriban kilomita 65 na siku tano, na ipo safari ya Luhomero, kilele kikuu cha hifadhi, ambayo ni ndefu zaidi. Kama hujawahi kulala porini ukiwa umebeba begi mgongoni, anza na Mwanihana. Kama hata hiyo inakutia shaka, maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170, ni safari ya kutwa na haihitaji mlolongo huu wote.

Chagua tarehe ukizingatia askari

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi kizuri. Masika, Machi hadi Mei, njia huteleza, mito hujaa na ruba huwa wengi, sikushauri.

Ila kinachoamua tarehe yako hasa ni askari wa uhifadhi. Msitu huu una tembo na nyati, na safari ya kulala ndani haifanyiki bila askari mwenye silaha kuongozana nanyi. Askari hao ndio wale wale wanaofanya doria dhidi ya ujangili na ukataji miti. Ukifika getini Ijumaa asubuhi bila taarifa, ukiwa na kikundi cha watu sita na mahema, hata kama kila mtu pale ofisini anataka kukusaidia, huenda hakuna askari wa kuondoka nanyi siku tatu. Ndiyo maana barua hutangulia, fedha hufuata, na tiketi ya basi hukatwa mwisho kabisa. Watu wengi hufanya kinyume chake.

Andika barua mwezi mmoja kabla

Barua iende kwa Mkuu wa Hifadhi, Mang'ula. Anwani, barua pepe na simu za ofisi zinapatikana kwenye tovuti rasmi ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Usizichukue kwenye kurasa za madalali. Tuma kwa barua pepe, kisha baada ya siku tatu au nne piga simu ya ofisi uulize kama imefika. Simu hiyo ni muhimu kama barua yenyewe. Barua iwe fupi na iseme mambo yote. Kwa mfano:

Mkuu wa Hifadhi,
Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa,
Mang'ula.

YAH: MAOMBI YA KUPANDA KILELE CHA MWANIHANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni kikundi cha watu sita, wote raia wa Tanzania, wenye umri wa kati ya miaka 24 na 41. Tunaomba kupanda kilele cha Mwanihana kwa siku tatu na kulala kambini mara mbili, kuanzia Ijumaa tarehe … hadi Jumapili tarehe …. Iwapo askari wa kutusindikiza hatapatikana tarehe hizo, tunaweza kuja wiki inayofuata.

Tunaomba kujulishwa hali ya njia na kambi kwa kipindi hicho, mchanganuo wa ada zote, na utaratibu wa kupata mwongozaji na wapagazi kutoka Mang'ula. Tutakuja na mahema, majiko ya gesi na chakula chetu. Mmoja wetu ana pumu na atakuwa na dawa zake.

Orodha ya majina na namba za vitambulisho imeambatanishwa.

Natanguliza shukrani.

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Tarehe mbadala humpa afisa wa utalii nafasi ya kupanga badala ya kukujibu kwamba haiwezekani. Swali la hali ya njia lina uzito kwa sababu njia isiyotumika mara kwa mara huzibwa na miti iliyoanguka na magugu, na kusafisha huchukua siku kadhaa. Suala la afya usilifiche. Mwenye pumu, shinikizo la damu au kisukari hakatazwi kwa kutaja tu, lakini mwongozaji anayejua atapanga mwendo na mapumziko kwa namna nyingine, na askari atajua aripoti nini kwa redio mambo yakiharibika.

Uraia ndio unaoamua ada. Kuna kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, kiwango cha wageni wenye kibali cha kuishi nchini, na kiwango cha wageni wengine, na tofauti kati yao ni kubwa. Mtanzania ataonyesha kitambulisho cha Taifa. Mkenya au Mganda ataonyesha kitambulisho cha kwao au pasipoti. Ndugu aliyezaliwa Morogoro kisha akachukua uraia wa Marekani huhesabiwa kwa pasipoti aliyonayo. Mwelezeni hilo mapema, msije mkavunjiana heshima dirishani. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Hata hivyo, mtoto mdogo wa kumbeba simshauri mtu kumpandisha Mwanihana.

Kama mna mpango wa kurusha droni, kupiga filamu ya biashara au kukusanya sampuli za utafiti, barua hii haitoshi. Hayo yana vibali vyake kutoka mamlaka nyingine, na huchukua muda mrefu zaidi.

Malipo

Ukijibiwa kwamba tarehe imekubaliwa, omba mchanganuo kwa maandishi. Utakuta kiingilio, ada ya kambi, ada ya mwongozaji na ada ya askari, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Uliza kama jumla uliyopewa ina kodi hiyo ndani yake au itaongezwa baadaye. Na kama safari yenu iko baada ya Julai Mosi, uliza mchanganuo wa mwaka mpya wa fedha, maana viwango vikibadilika mara nyingi huanza siku hiyo.

Hapa watu wengi hukosea hesabu. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24 kwa kila mtu, wala si kwa tarehe za kalenda. Mkiingia Ijumaa saa mbili asubuhi na kutoka Jumapili saa tisa alasiri, mmekaa saa 55. Hizo ni saa 24 mara mbili na masalia ya saa saba, kwa hiyo mtalipa viingilio vitatu na kambi mbili kwa kila mmoja. Kikundi kikitegemea viingilio viwili kitapungukiwa, na kutafuta nyongeza Jumapili jioni mkiwa mmechoka ni adha. Pigeni hesabu hii wenyewe kabla ya kuchangishana.

Fedha taslimu hazipokelewi. Ofisi itawapa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ilipe benki, kwa wakala au kwa simu yako: ingia kwenye menyu ya kulipa, chagua malipo ya Serikali, weka namba hiyo, na usibonyeze namba ya siri kabla ya kusoma jina la anayelipwa na kiasi kinachoonekana. Mtu akikuambia utume fedha kwenye namba yake ya simu “ili akuwahishie kibali”, kata simu. Ada ya hifadhi haipiti kwenye namba ya mtu binafsi, awe amevaa sare au hajavaa. Angalia pia tarehe ya mwisho ya ankara, kwa sababu namba ikiisha muda wake itabidi uombe nyingine. Hifadhi ujumbe wa malipo na upige picha ya stakabadhi. Chapisha nakala moja ya karatasi, kwa kuwa simu hufa chaji.

Mwongozaji na wapagazi

Mnaweza kwenda kupitia kampuni ya utalii au kujipangia wenyewe na mwongozaji wa Mang'ula. Kampuni iwe na leseni hai ya biashara ya utalii, ile inayoitwa TALA. Omba nakala na usome tarehe ya kuisha. Mkijipangia, ofisi ya hifadhi itawaelekeza kwa waongozaji wanaotambuliwa. Mimi naupendelea utaratibu huu wa pili, na nitasema kwa nini. Vijiji vilivyo chini ya milima hii vimezuiwa kuchukua kuni, miti na nyama ndani ya hifadhi. Njia mojawapo ya watu hao kuona faida ya msitu uliobaki ni mgeni anayelipa mwongozaji, mpagazi, mama wa mgahawa na kijana wa bodaboda. Isitoshe, mwongozaji aliyekulia pale atakuonyesha ng'olaga wakati wewe unaona majani tu.

Makubaliano ya wapagazi yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari: majina, siku ngapi, ujira kwa siku, chakula ni cha nani, na nani ana hema. Mizigo ipimwe kabla ya kuondoka. Kilimanjaro kiwango kinachotumika ni kilo 20 kwa mpagazi. Katika mwinuko mkali na wenye matope kama huu mimi naona 15 inatosha. Mpagazi asiye na mahali pakavu pa kulala ni jukumu la kikundi, msimwachie mwongozaji alitatue gizani.

Kumbukeni kwamba mwongozaji na askari ni watu wawili tofauti. Mwongozaji anajua njia, ndege na miti, na ndiye anayepanga mwendo. Askari ni wa usalama, na akisema simameni au rudini nyuma, hakuna mjadala.

Vifaa

Sitaorodhesha kila kitu. Chini kuna joto na unyevu, juu usiku kuna baridi ya kutosha sweta na begi zito la kulalia. Hema lizuie mvua hata Agosti. Jiko la gesi ni lazima, msitegemee kuni. Maji yapo kwenye vijito lakini myachemshe au myatibu, na kila mtu awe na uwezo wa kubeba lita tatu. Soksi ndefu za kuchomekea suruali huzuia ruba na siafu. Dawa ya mbu ni ya Mang'ula hasa, maana malaria iko huko chini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungeni vitu kwenye mifuko ya kitambaa au ndoo zenye mfuniko, na takataka zote zishuke nanyi.

Getini

Fikeni Mang'ula siku moja kabla. Kutoka Dar es Salaam, mabasi ya Ifakara na Mahenge hupita Morogoro na Mikumi, kisha hukata kushoto kuelekea Kidatu. Mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Mang'ula, makao makuu ya hifadhi. Jioni hiyo pitieni ofisini mwoneshe stakabadhi, mthibitishe jina la askari wenu, na muulize njia inaanzia wapi na mtafikaje hapo. Mambo haya matatu yakimalizwa jioni, asubuhi mnaanza kutembea saa moja na nusu badala ya saa nne, na katika siku ya kwanza ya kupanda, saa zile za ubaridi ni mali.

Asubuhi kila mmoja ataandikishwa kwenye daftari: jina, uraia, namba ya kitambulisho, na ndugu wa kupigiwa. Hakikisheni muda wa kuingia ulioandikwa ni ule mlioanza kweli, kwa sababu saa 24 huhesabiwa kutoka hapo. Mpe ndugu wa nyumbani tarehe na saa ya kutoka pamoja na simu ya ofisi ya hifadhi, na umwambie wazi kwamba msituni mtandao haushiki kwa muda mrefu, asije akatangaza umepotea Jumamosi mchana.

Mkishuka Jumapili, rudini kwenye daftari lile lile mkasaini kutoka, kila mtu kwa jina lake, kabla ya kuagana na askari. Jina lisilosainiwa ni la mtu aliyeko bado msituni, na kuna watu watakaotumwa kumtafuta. Mwongozaji na wapagazi walipwe siku hiyo hiyo, mkononi au kwa simu, mbele ya wote, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye daftari. Na kama njia mmeikuta imezibwa mahali fulani au kambi ina choo kilichobomoka, mwambieni afisa wa utalii mahali penyewe ni wapi. Kikundi kitakachoandika barua baada yenu kitauliza hali ya njia, na jibu litatokana na mliyoyaona.