SOMO: Kujenga jina zuri la mkopaji ukiwa bado chuoni (soma yote kabla hujanifuata faragha)

Wakuu,

Boom (pesa ya kujikimu ya mkopo wa elimu ya juu) likichelewa tu, meseji zinaanza: "Mkuu, nikope wapi?" Halafu kuna wale waliomaliza, wameomba mkopo benki wakapigwa chini, nao wanauliza kosa lao ni nini. Mara nyingi kundi la pili ni lilelile la kwanza, miaka mitatu baadaye. Naandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

Kwanza uelewe mchezo unavyochezwa. Benki na wakopeshaji wenye leseni wanapeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Kampuni za taarifa za wakopaji, Creditinfo na Dun & Bradstreet kwa hapa kwetu Tanzania, zinazichakata, na ukienda kuomba mkopo afisa anavuta ripoti yako kabla hujamaliza kujieleza. Mikopo ya simu nayo imo, maana nyuma yake kuna benki. Mtandao ni mlango tu. M-Pawa, kwa mfano, ni Vodacom kwa mbele na NCBA kwa nyuma. Kwa hiyo yale "madeni madogo ya simu" mnayoyacheka hosteli ni madeni ya benki.

HATUA YA 1. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Si la shemeji.

HATUA YA 2. Akaunti moja ya benki, ya wanafunzi, boom lipitie humo.

HATUA YA 3. Chagua chanzo KIMOJA cha mkopo mdogo. Kopa kiasi ambacho tayari unacho mfukoni. Ndiyo, umesoma vizuri. Lengo hapa ni kuacha rekodi ya kulipa, na anayekopa akiwa na njaa hajengi rekodi yoyote. Elfu ishirini inatosha kabisa.

Kausha damu za mtandaoni, yaani mikopo ya kunyonya, usiziguse. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Piga hesabu mwenyewe: unaomba 50,000, wanakukata "ada" unapokea 35,000, baada ya siku saba wanataka 50,000. Hiyo ni 15,000 juu ya 35,000, karibu asilimia 43 kwa wiki moja. Mkopeshaji wa daraja la pili (asiyepokea amana) mwenye leseni amewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa MWEZI, yaani 1,750 kwa hiyo elfu hamsini. Na ukiwalipa hao wasio na leseni kwa uaminifu wote, rekodi yako haiongezeki kitu, kwa sababu hawaripoti popote.

HATUA YA 4. Lipa siku mbili tatu kabla ya tarehe. Mitandao husumbua, na siku ya mwisho ndiyo husumbua zaidi.

HATUA YA 5. Funga deni mpaka lisome SIFURI. Someni hapa taratibu, maana ndipo nilipoungua. Nilikuwa na mkopo wa simu, nikarudisha kiasi nilichokopa, nikasahau kwamba ada ilikuwa inahesabiwa pembeni. Nikabadili mtandao, laini ile nikaitupa kwenye droo, baadaye ikafungwa. Nilipokuja kuomba mkopo wa pikipiki benki, nikaambiwa nina deni ambalo halijalipwa. Kiasi chenyewe hakifiki hata bei ya chipsi kuku. Nikalilipa siku ileile nikidhani yameisha, kumbe kulipa ni nusu ya kazi: mpaka mkopeshaji apeleke taarifa mpya, ripoti inabaki vilevile, na pikipiki ilishachukuliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo:
- Ukimaliza kulipa, angalia salio la DENI. SMS ya "umelipa" haitoshi.
- Piga picha skrini inayoonyesha sifuri, itume kwenye barua pepe yako. Simu huibiwa.
- Usiache laini yenye deni. Laini ilisajiliwa kwa NIDA, na deni linakufuata kwa NIDA hata ukihama mitandao yote.
- Kama deni lilishachelewa, omba barua ya kuthibitisha umemaliza, na umsumbue mkopeshaji mpaka arekebishe taarifa. Kampuni ya taarifa za wakopaji haibadilishi kitu kwa maneno yako, inabadilisha kwa taarifa ya aliyekukopesha.

HATUA YA 6. Usimdhamini mtu, usiweke bondi kadi yako ya benki na namba ya siri. Wapo wanaoshika kadi za wanafunzi pale nje ya geti wakisubiri boom liingie. Ukishatoa namba ya siri, boom ni lake, wewe utagawiwa.

HATUA YA 7. Angalia ripoti yako kabla ya kuhitimu, usisubiri benki ikusomee.

Na msisahau boom lenyewe ni deni. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo (HESLB) inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa sheria iliyorekebishwa 2016. Mshahara wa 800,000 unaondokewa na 120,000 kila mwezi, na benki itaona hayo makato kabla haijakupa chochote. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, kwa hiyo acheni kusambaza ule ujumbe wa zamani.

Maswali chini. Somo kwanza.

—

Jombi wa Changanyikeni: Mkuu somo zuri, ila nina shida ya haraka, programu gani inatoa laki bila longolongo?

Mleta mada: Hatua ya 3.

Jombi wa Changanyikeni: Nimesoma, ndo maana nauliza iliyo nzuri.

Mleta mada: Hukusoma.

Mzee wa Supu: Unatisha watu bure. Mimi nina deni la simu tangu mwaka wa kwanza, laini niliitupa, na hakuna aliyenifuata.

Mleta mada: Ushawahi kuomba mkopo benki tangu hapo?

Mzee wa Supu: Bado.

Mleta mada: Basi bado hujafika dukani, na unatuambia bei ni nafuu.

Binti Kondoa: Samahani kaka, swali langu ni la kidini kidogo. Mimi sitaki riba kabisa, iwe ndogo iwe kubwa. Je, nitabaki bila rekodi?

Mleta mada: Swali zuri dada yangu, wala usiombe samahani. Huhitaji riba ili ujulikane. Amana Bank inafanya kazi kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011, na benki za kawaida nazo zina madirisha yake, kama Al Barakah ya CRDB na La Riba ya NBC. Kwa murabaha, benki inanunua kitu, tuseme kompyuta, inakuuzia kwa bei iliyotajwa wazi na unalipa kwa awamu. Hizo awamu nazo ni rekodi ya malipo. Kwa sasa ukiwa mwanafunzi usikimbilie huko: fungua akaunti, weka akiba kidogo kidogo bila kuruka mwezi. Ukipata kipato una pa kuanzia.

Binti Kondoa: Allah akulipe. Na kikoba chetu cha hosteli tunachocheza watu kumi, kinahesabika?

Mleta mada: Kwenye ripoti ya benki usikitegemee. Ila andikeni daftari, nani kaweka na nani kakopa. Mkimaliza chuo, kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mwenye daftari safi anajieleza kwa urahisi.

Kijana wa Mabibo: Kuna programu imetuma SMS kwa mama yangu na kwa mchungaji kwamba mimi ni tapeli. Nilikopa elfu thelathini. Nifanye nini?

Mleta mada: Pole sana mdogo wangu. Hifadhi kila SMS, na namba zilizotuma. Iondolee programu ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, kisha uifute. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Kumtangaza mtu kwa jamaa zake hakuruhusiwi hata kama deni ni la kweli. BoT nao waandikie kama programu haina leseni. Mama mweleze mwenyewe leo, asiendelee kusikia kwa watu.

Kijana wa Mabibo: Asante. Mama nishamwambia. Mchungaji naogopa.

Mla Ubuyu: Tuache mikopo, boom lenyewe mnaligawaje? Langu linaishia wiki ya tatu.

Mleta mada: Elfu kumi kwa siku, siku 60, ni 600,000. Liache benki, kila Jumatatu hamishia simu 70,000 na usiguse zaidi. Stationery na nauli ya kurudi nyumbani vitoe siku ya kwanza, na hiyo 70,000 uipunguze kwa kadiri hiyo.

Dada wa Ngazi ya Tatu: Kila Jumatatu? Umehesabu makato ya kuhamisha na ya kutoa kwa wakala? Mara tisa hizo. Mimi natoa ATM kila baada ya wiki mbili, nagawa kwenye bahasha mbili, ya pili anakaa nayo rafiki yangu ambaye hamkopeshi mtu.

Mleta mada: Makato sikuyaweka kwenye hesabu. Wiki mbili mbili basi. Huyo rafiki yako anapokea bahasha za watu wengine?