SOMO: Namna ya kuandika hadithi ya watoro na wanyang'anyi wa mpakani Songwe, anza na sheria ndo umlete mhalifu

Habari za mchana wakuu. Vijana wengi wa huku kwetu nyanda za juu wananitumia hadithi zao za enzi za zamani niwasomee, na nyingi ni za majambazi wa mpakani, kitu ambacho nakifurahia sana maana historia ya Songwe, Karonga, Tukuyu na Chunya imejaa watu wa aina hiyo na walioandika ni wachache. Ila tatizo linajirudia. Jambazi anaingia kijijini na farasi, bastola mbili kiunoni, anapiga watu risasi kilabuni anaondoka zake. Hiyo ni sinema ya Marekani imepewa jina la Kinyakyusa. Huku mtu alitembea kwa miguu, kwenye matope, na mara nyingi hakujiona mhalifu hata siku moja, sheria ndo ilimkuta njiani.

Na hapo ndo penye somo lote. Kwenye nchi ya mpakani mhalifu anatengenezwa na sheria mpya pamoja na mstari mpya. Ukishajua sheria gani ilikuja mwaka gani, mhusika wako anajitokeza mwenyewe.

HATUA YA 1: CHAGUA MWAKA KABLA YA JINA LA MHUSIKA

Usiandike "enzi za mkoloni", haitoshi. Kati ya 1887 na 1895 kule Karonga, Malawi ya leo, alikuwepo Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, akajitangaza sultani wa Unkonde, yaani nchi ya Wangonde, akapigana na kampuni ya Waingereza ya African Lakes mpaka kamishna wa Kiingereza Harry Johnston alipomshinda na kumnyonga Desemba 1895. Hicho ni kipindi ambacho hakuna serikali yenye nguvu pande zote mbili, kila mwenye bunduki na boma la miti ni serikali. Ukisogea mpaka 1898 mambo ni tofauti kabisa, Mjerumani yupo, anahesabu nyumba. Ukisogea 1917 kuna vita, vijiji havina chakula na porini kuna watoro. Ukifika 1934 uko Lupa, kule Chunya, kwenye dhahabu. Hizo ni dunia nne tofauti, na jambazi wa moja hawezi kuishi kwenye nyingine.

Na angalia miji jamani. Mji wa Mbeya ulianza 1927 hivi kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, sasa mtu anaandika mwaka 1905 mhusika "alishuka Mbeya mjini", alishuka wapi? Boma la Wajerumani lilikuwa Neu Langenburg, ndo Tukuyu ya leo. Malawi na Zambia ni majina ya 1964, kabla ya hapo sema Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mkoa wa Songwe ni wa 2016.

HATUA YA 2: TAFUTA SHERIA ILIYOMGEUZA MTU KUWA MHALIFU

Hapa kaa sana, usiharakishe.

Chukua mwindaji wa tembo. Baba yake aliwinda, babu yake aliwinda, mtemi alipewa pembe moja, nyingine ikauzwa kwa misafara ya pwani. Mei 1896 gavana wa Kijerumani Wissmann akatoa amri ya kulinda wanyama na kuweka leseni za kuwinda. Mwindaji yule yule, mkuki ule ule, pori lile lile, ila sasa ni jangili. Hajabadilika hata kidogo. Ukiandika ile wiki ambayo habari zinamfikia, anavyoziona za kipuuzi, halafu jirani yake anapigwa kiboko, ile hamsa ishirini ya Mjerumani, hapo msomaji hatabanduka.

Au chukua kodi. Mwaka 1898 Wajerumani walileta kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mtu hana rupia, ana ng'ombe na ndizi na ulezi. Ili apate rupia inabidi abebe mizigo au akafanye kazi kwa mzungu. Au avuke mto Songwe wa mpakani usiku na familia nzima. Akivuka ni mtoro upande huu na mgeni upande ule, na kule nako kuna kodi ya Mwingereza inamsubiri. Mtu wa hivyo akikutana na wenzake watano porini mnapata genge bila hata kulazimisha.

Lupa nayo ina yake. Uingereza ilipoachana na kiwango cha dhahabu, yaani kufunga thamani ya pesa yake kwenye dhahabu, Septemba 1931 bei ya dhahabu ikapanda, na huku dunia iko kwenye mdororo, mashamba yanafilisika, watu wakamiminika Chunya kutoka kila kona, wazungu waliofilisika, wafanyabiashara Wahindi, vibarua wa Kinyakyusa, Wasafwa, Wabemba, watu wa Nyasaland. Mwenye leseni ndo mwenye dhahabu. Kibarua anayeichimba akiondoka na punje kwenye ukosi wa shati ni mwizi, na mwenye duka anayeinunua usiku ni mnunuzi wa magendo. Sasa niambieni kama hiyo sio hadithi.

HATUA YA 3: UJUE MPAKA WENYEWE ULIVYO

Mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika ulichorwa Ulaya kwenye mkataba wa Julai 1890, Waingereza walitaka ile barabara ya Stevenson inayotoka Karonga kwenda Ziwa Tanganyika ibaki kwao, ikabaki. Wapimaji wakaja 1898 kuweka alama. Yaani kwa miaka minane mpaka ulikuwepo kwenye karatasi tu na watu wanaendelea na harusi na misiba yao, maana Wandali wapo pande zote, Walambya pande zote, Wanyamwanga pande zote, Wanyakyusa na Wangonde ni ndugu.

Halafu mto Songwe wenyewe hautulii. Kule chini tambarare ya Kyela unahama, mvua kubwa zikija unakata njia mpya, shamba lililolala Tanganyika linaamkia Nyasaland. Hili tatizo lipo mpaka leo na serikali zetu mbili zina mradi wa pamoja wa bonde la Songwe. Mwandishi ukiwa na mto unaohama halafu unaandika mpaka kama ukuta, unajinyima.

HATUA YA 4: VITU VYA MKONONI

Pesa: mpaka 1904 rupia moja ilikuwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, baada ya hapo heller 100, shilingi ya Afrika Mashariki ikaja miaka ya mwanzo ya 1920. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ukimpa mtoro sarafu hiyo kumbuka hawezi kuitumia popote bila kuulizwa kaipata wapi.

Silaha: wenyeji wengi walikuwa na mikuki na magobole. Askari wa Kijerumani vita vinaanza 1914 wengi bado walikuwa na bunduki ya mfano wa 1871, risasi moja moja, baruti inatoa moshi mwingi. Moshi huo ni zawadi kwa mwandishi, mtu akifyatua tu kajitangaza alipo.

Pombe: ulanzi ni wa masika, mianzi haigemwi kiangazi kikali, na ni wa Iringa na Njombe. Kyela na Rungwe weka pombe ya ulezi. Baridi ya Juni Isongole weka, mvua ya Tukuyu weka kila ukurasa kama unataka, haitazidi.

HATUA YA 5: ANDIKA TUKIO MOJA KWA KARIBU

Kabla ya kuandika riwaya nzima andika nusu ukurasa, mtu mmoja, kitendo kimoja. Nawapa wangu, ni askari mtoro wa 1917:

"Akavua buti la kulia akaligeuza. Kisigino kililika upande wa nje, misumari mitatu imebaki. Kuanzia Igale hadi hapa alama ya misumari ile ilikuwa imeandikwa matopeni kama barua, na yeyote wa jeshi akiinama angeisoma. Akayafunga mabuti mawili kwa kamba zake, akatia jiwe katikati, akayaachia majini. Akakanyaga tope kwa mguu mtupu. Ngozi ya unyayo ilikuwa laini kama ya mtoto, miaka sita ya buti, akajua hata mguu wake utamsaliti. Bunduki hakuitupa."

Hakuna risasi iliyopigwa hapo. Ila msomaji ameshajua ni nani, anamkimbia nani, na kwamba ile bunduki italeta balaa. Nawasihi mfanye zoezi hili.

HATUA YA 6: usitumie majina ya ukoo wa watu halisi kwa wahusika waovu. Wajukuu wapo, na huku tunajuana.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kyela: Mkuu asante. Nataka hadithi yangu iwe kuhusu mali ya Wajerumani iliyotupwa ziwa Masoko, majambazi wanaitafuta. Vipi?

Jibu: Ndugu, wenyeji wanasimulia hiyo miaka yote na inavutia. Ila kila mtu anaandika watafutaji. Wewe rudi nyuma, andika waliobeba yale masanduku. Jeshi la Waingereza chini ya Northey liliingia Neu Langenburg mwishoni mwa Mei 1916, Wajerumani wanaondoka haraka, wabebaji wamelala njaa, halafu mmoja wao usiku anafungua sanduku. Sijali ndani kuna nini, wewe ndo utaamua, mimi nataka kuona mikono yake.

Dada wa Mafinga: Naomba kuuliza, mwanamke anaweza kuwa mhusika mkuu bila kuonekana nimemlazimisha? Wanaume ndo wenye bunduki.

Jibu: Anaweza dada, tena vizuri kuliko wanaume. Kwenye makambi ya uchimbaji mpika pombe anajua kila kitu, nani kapata, nani kaiba, nani anadaiwa. Kila mtu anapita kwake na kulewa kwake. Na mpakani mwanamke mwenye kapu la ndizi anayekwenda kwa shangazi yake ng'ambo hakuulizwa kama alivyoulizwa mwanaume. Mpe biashara yake kwanza, ahesabu debe zake za ulezi, kuni, wadeni, halafu magendo yaje kama nyongeza ya biashara hiyo hiyo. Usimpe bunduki mpaka ishindikane.

Kijana wa Vwawa: Waongee lugha gani? Kinyiha chote hakuna atakayeelewa.

Jibu: Simulia kwa Kiswahili, ila ujue nani alikuwa anakijua. Askari, mnyapara, mfanyabiashara, mwanafunzi wa misheni, hao sawa. Mzee wa kijijini 1898 asingekijua, kwa hiyo kati yake na boma kuna mkalimani, na mkalimani anaweza kudanganya pande zote mbili. Maneno machache ya kwenu weka, salamu, majina ya watemi, malafyale kwa Wanyakyusa, mtwa kwa Wahehe na Wasangu, mwene kwenu. Usiyatafsirie, panga sentensi yajieleze.

Mdau wa Iringa: Mkwawa je? Baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka Oktoba 1894 alikuwa porini anawindwa kama jambazi mpaka Julai 1898.

Jibu: Kwa macho ya Mjerumani ndio, waliweka zawadi ya rupia 5000 kwa kichwa chake. Kwa Wahehe alikuwa mtwa wao. Ushauri wangu usiingie kichwani mwake, chukua mtu wa kubuni kwenye kijiji kilichompelekea chakula usiku. Rupia 5000 ni pesa ambayo mwanakijiji yule hata hawezi kuiwazia, na kodi ya nyumba yake ni rupia 3. Mke mgonjwa, jirani ana chuki, na Mlambalasi alikofia haiko mbali. Nenda Kalenga makumbusho ukasimame pale kwanza ndo uandike.

Mdau wa Makambako: Sina nauli ya kwenda Dar kusoma nyaraka za Taifa, nifanyeje?

Jibu: Makumbusho ya Iringa Boma yako karibu na wewe. Misheni za Wamoravian na Walutheri zipo Rungwe tangu 1891, omba kwa heshima kuona vitabu vya zamani. Wazee wapo. Kasumulu tembea, vuka kihalali, rudi, angalia watu wanavyobeba.

Kijana wa Uyole: Wanajeshi wenyewe hawawezi kuwa wanyang'anyi?

Jibu: Wanaweza sana. Februari 1917 Kapteni Wintgens wa Wajerumani aliachana na jeshi lake huku kusini akaondoka na watu wake kuelekea kaskazini, hakuna aliyemruhusu, wakala akiba ya kila kijiji walichopita. Yeye akajisalimisha Mei akiwa mgonjwa, ofisa wake Naumann akaendelea nao mpaka Oktoba. Andika kijiji kimoja walichopita, siku moja kabla na siku moja baada.

Mzee wa Tukuyu: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesoma somo, ni zuri, lakini mnawapamba wezi. Babu yangu alinyang'anywa ng'ombe na watu wa namna hiyo wakati wa vita vya Mjerumani, hakuinuka tena. Hilo mtaliandika lini?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Umesema jambo ambalo lilistahili hatua yake na naiongeza sasa hivi: kila aliyeibiwa apate sura yake, na iwe ndefu sawa na ya mwizi. Mnyakyusa kunyang'anywa ng'ombe ni kunyang'anywa mahari ya vijana wake, maziwa ya watoto na heshima yake kwa wenzake, kwa hiyo hasara inaendelea vizazi viwili vitatu na hadithi inatakiwa ifuate huko. Mwalimu, kama babu aliwahi kuwatajia wale ng'ombe kwa majina au rangi zao, na walivyopitishwa njia ipi, naomba sana utuandikie hapa chini hata mistari michache, vijana wasome kabla hawajaanza sura ya kwanza.