Kufunga shafti, propela na usukani kwenye boti ya rimoti

Boti ninayoifanyia kazi hapa ina bodi ya faiba yenye tumbo la umbo la V, urefu wa sentimita 70, mota isiyo na brashi na shafti (mhimili unaozungusha propela) ya waya wa kusokotwa yenye unene wa milimita 4.76. Ya kwako ikiwa ndogo, vipimo vitapungua lakini utaratibu ni uleule: shafti kwanza, mota baadaye. Wengi hufunga mota mahali penye nafasi, kisha huanza kuilazimisha shafti iifuate. Shafti iliyolazimishwa hula betri na kuunguza mota.

Hatua ya 1: piga uzi. Pindua boti, mkuku (uti wa chini wa boti) uangalie juu. Jambo hili nilionyeshwa na fundi wa mitumbwi huku Katonga, Kigoma, na sijaona njia bora zaidi: paka uzi chaki, ufunge kwenye ncha ya omo (mbele ya boti), uvute juu ya mkuku mpaka tezi (nyuma), kisha uuchape. Mstari huo ndio utakaofuatwa na kila kitu.

Hatua ya 2: mkono wa shafti. Hiki ni kile kipande cha alumini kinachobeba ncha ya nyuma ya shafti. Kishikize tezi kwa tepu kwanza. Hapo kwenye mkono, katikati ya unene wa shafti pawe usawa mmoja na sehemu ya chini kabisa ya mkuku, na mkono ulale sambamba na tumbo la boti. Boti ya kasi ikishakimbia, propela hukata maji kwa nusu tu na nusu nyingine huwa hewani, kwa hiyo usiushushe sana. Ukiridhika, toboa, tia silikoni kwenye matundu, funga bolti. Kwa ndani weka kipande cha mninga cha milimita 5 nyuma ya nati. Faiba peke yake hupasuka.

Hatua ya 3: bomba. Hapa usiwe na haraka. Shafti hupita ndani ya bomba la brasi lenye mrija wa Tefloni (plastiki inayoteleza) ndani yake. Bomba linatakiwa lipinde polepole kutoka usawa wa mota hadi kwenye mkono, na kipande cha mwisho kinyooke kabisa. Ukilipinda likiwa tupu, litabonyea. Toa mrija, jaza mchanga mkavu na laini; mimi nachota wa ufukweni, naukausha kwenye kikaango na kuuchekecha. Ziba ncha zote mbili kwa tepu, kisha pinda kidogo kidogo ukilizungushia ubavu wa sufuria. Mwaga mchanga, safisha, rudisha mrija, pitisha shafti na uizungushe kwa vidole viwili. Ikikwama mahali, hapo kona ni kali. Rekebisha sasa, kabla ya gundi.

Hatua ya 4: tundu na mota. Toboa mstari wa matundu ya milimita 3 kwenye mkuku, uyaunganishe kwa tupa ya mviringo mpaka upate tundu refu kama jicho. Ingiza bomba. Unganisha mota kwa kaplingi (kiungo kinachoshika mota na shafti pamoja), isogeze huku na huku mpaka shafti izunguke bila kugoma, ndipo uweke alama ya kufunga kitako chake. Piga msasa brasi na faiba, paka epoksi, acha mpaka kesho.

Hatua ya 5: shafti. Ipake grisi ya majini yote, isipokuwa sentimita 3 zinazoingia kwenye kaplingi. Hizo zifute kwa spiriti mpaka zikauke. Boti yangu ya kwanza sikuzifuta. Nilipoachia mwendo ghafla, shafti iliteleza ikatoka pamoja na propela, na Tanganyika halina kina cha kupapasia.

Kati ya kishikizo cha propela na mkono acha nafasi ya milimita 4 hadi 5. Waya wa kusokotwa hujikaza na kufupika ukibeba mzigo. Bila nafasi hiyo utasaga mkono. Kwa sababu hiyohiyo, mzunguko wa mota lazima uukaze msokoto. Ukiona unafumuka, badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu za mota. Jaribio hili lifanye propela ikiwa imetolewa, maana kingo zake ni wembe.

Hatua ya 6: usukani. Ufunge pembeni ya propela, usiguse panga zake. Mrija wa maji ya kupoza utoke kwenye usukani, upite kidhibiti mwendo (kifaa kinachopimia mota umeme), kisha mota, utokee ubavuni.

Jaribu asubuhi na mapema ziwa likiwa limelala, mbali na nyavu na njia ya mitumbwi ya dagaa inayorudi. Omo ikirukaruka, inamisha mkono kidogo sana ili upande wa propela ushuke, omo itatulia. Baada ya dakika mbili itoe boti, gusa mota na kaplingi uone joto lake, kisha chomoa shafti uitazame. Grisi iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji: futa, paka nyingine. Ukiona shafti imeng'aa upande mmoja karibu na kaplingi, mota haijakaa kwenye mstari. Legeza kitako chake uipange upya.