Jinsi ya kujiandaa kabla idara ya ujasusi haijaijibu habari yako

Mwandishi wa habari anayeikosoa idara ya ujasusi hapa Uganda huogopa zaidi simu ya usiku na gari lisilo na namba lililoegeshwa karibu na ofisi. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kwa miaka niliyokaa kwenye meza ya uhariri Kampala, nimeona habari nyingi zaidi zikiuawa na sentensi moja iliyouzidi ushahidi wake kuliko zilizouawa na vitisho, na ndiyo maana maandalizi yanapaswa kuanza kabla gazeti halijaenda mtamboni.

Kwanza, elewa idara hufanya nini inapokosolewa. Agosti 1996, gazeti la San Jose Mercury News la Marekani lilichapisha makala za Gary Webb kuhusu walanguzi wa kokeni wa California waliowapelekea fedha waasi wa Nikaragua waliokuwa wakisaidiwa na CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Andiko la ndani la CIA lililowekwa wazi mwaka 2014 linaeleza jinsi kitengo chake cha habari kilivyoikabili hali hiyo: kilitegemea uhusiano mwema kiliokuwa nao tayari na waandishi, na magazeti makubwa yalipoanza kumkosoa Webb, kikawapa nakala za makala hizo za kumkosoa waandishi na wahariri waliopiga simu kuuliza. Hakukuhitajika pingu. Webb hakuwa ameandika kwamba CIA ilikusudia kuwaangamiza Wamarekani weusi kwa dawa za kulevya, lakini kwenye intaneti makala zake zilipambwa kwa picha ya mtu anayevuta kokeni juu ya nembo ya idara hiyo, na picha ikasema yale ambayo maandishi hayakuyasema. Mei 1997 mhariri wake mwenyewe alikiri hadharani kwamba kazi ile ilikuwa na mapungufu. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa CIA ilipokuja kukubali, Oktoba 1998, kwamba idara iliendelea kufanya kazi na watu waliotuhumiwa kwa ulanguzi, Webb alikuwa ameshaondoka gazetini.

Basi chukua rasimu yako, uweke kidole kwenye kila sentensi na ujiulize ni karatasi gani inayoibeba. Kijana mmoja aliwahi kuniletea habari iliyoanza hivi: «Idara huwatesa vijana wanaokamatwa.» Mkononi alikuwa na Fomu ya Polisi namba 3 za vijana watatu, zikiwa na maelezo ya daktari kuhusu majeraha yao. Tuliiandika upya: «Vijana watatu walioachiliwa wiki iliyopita wanasema walipigwa kizuizini, na fomu za daktari tulizoziona zinaonyesha majeraha ya mikono na migongo.» Alinung'unika kwamba nimeipooza habari yake. Msemaji alipojibu, alikosa pa kuishika. Kichwa cha habari na picha vipimwe kwa mizani hiyohiyo, kwa kuwa mara nyingi huchaguliwa na mtu ambaye hakusoma hadi mwisho.

Maswali kwa msemaji yapelekwe kwa maandishi, moja moja, yakitaja tuhuma yenyewe na saa ya mwisho ya kujibu, kisha hifadhi uthibitisho kwamba yalipokelewa. Ikiwa unahitaji nyaraka, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako; mambo ya usalama yana kinga yake, lakini hata barua ya kukataa ni ushahidi kwamba uliuliza.

Kuhusu vyanzo, kumbuka Mei 2013, baada ya Daily Monitor kuchapisha barua ya Jenerali David Sejusa, aliyekuwa mratibu wa idara za ujasusi. Polisi waliofika kuisaka barua hiyo walilifunga gazeti hilo kwa takriban siku kumi, na Red Pepper nalo likafungwa. Sheria yetu humlinda mwandishi asitaje chanzo chake, ila mahakama ikiamuru. Kwa hiyo shauriana na wakili mapema, na wanaomjua mtoa habari wawe wachache kadiri inavyowezekana.

Habari ikishatoka, soma kanusho ukiwa na kalamu mkononi na utafute sentensi mahususi inayopingwa. Kanusho linalosema habari ni «ya uongo na ya uchochezi» bila kugusa jambo lolote lichapishwe kama lilivyo, likifuatwa na swali lako lilelile. Likionyesha kosa la kweli, hata la tarehe tu, lisahihishe siku hiyohiyo, maana kosa dogo ukiliacha ndilo watakalolishika wenzako wa magazeti mengine. Na afande akikupigia kwa Kiswahili cha upole akisema, «Mwandishi, njoo tunywe chai tuzungumze,» mjibu kwa heshima kwamba utafurahi kumsikiliza ofisini kwako, mhariri akiwepo, na kwamba atakayoyasema yatanukuliwa. Kisha andika saa aliyopiga.