Namna ya kutafuta kesi mtandaoni na kuhakikisha kwamba bado zinasimama

Mwongozo huu umetokana na jioni mbili nilizokaa na mwanafunzi wa sheria aliyekuwa akiandaa hoja za mahakama ya kuigiza. Alikuja na kesi 9, zote alizipata kwa kuandika swali zima katika Google, na ile aliyoifanya nguzo ya hoja yake ilikuwa imekwisha kutenguliwa. Sikumcheka, kwa kuwa nami niliwahi kutumbukia katika shimo hilohilo.

Hatua ya 1: Anza na kitabu

Soma kwanza sura husika ya kitabu cha kiada, uandike pembeni majina ya kesi mbili tatu na istilahi ambazo majaji wenyewe huzitumia. Anayetafuta kwa maneno yake mwenyewe hupata majibu mengi yasiyomfaa.

Hatua ya 2: Ingia katika hifadhidata ya nchi husika

Hukumu nyingi zinapatikana bure. Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kazi hii mwaka 1992, AustLII ya Australia ikafuata mwaka 1995, na leo ipo BAILII kwa Uingereza na Ireland, CanLII kwa Kanada, SAFLII kwa Afrika Kusini, Kenya Law kwa Kenya na TanzLII kwa Tanzania. Kwa Marekani, Google Scholar imekuwa na hukumu tangu mwaka 2009. Chuo chako kikiwa kinalipia Westlaw au LexisNexis, zitumie, ila ningependa uzifikie mwishoni, kwa sababu muhtasari wake ni mzuri kiasi cha kumzoesha mwanafunzi kutoisoma hukumu yenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta

Weka fungu la maneno ndani ya alama za mtajo, kisha chuja kwa mahakama na kwa mwaka.

Hatua ya 4: Hakikisha kesi bado inasimama

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Nilikuwa na uamuzi wa mahakama ya chini uliotamka kila nilichokitaka, nikatafuta rufani yake kwa majina ya wadaawa (pande mbili za kesi) kama yalivyoandikwa, nisipate kitu, nikahitimisha kwamba haikukatwa. Kumbe ilikatwa, na uamuzi ukatenguliwa. Katika mahakama nyingi jina la mrufani ndilo hutangulia, hivyo aliyekuwa mdaiwa anahamia mwanzoni, na kesi hupewa namba mpya kabisa. Tangu siku hiyo natafuta kwa jina la mdaawa mmoja tu, lile lisilo la kawaida, na narudia kwa tahajia tofauti, maana makarani hukosea majina. Mdaawa akiwa kampuni, jaribu pia jina lake fupi.

Rufani, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Kesi inaweza kubaki bila kuguswa na rufani yoyote, kisha msimamo wake ukaachwa miaka mingi baadaye katika kesi ya watu wengine kabisa. Anns v Merton ya Uingereza ya mwaka 1977 ilipanua wajibu wa uangalifu katika uzembe, yaani wajibu wa kutowadhuru wengine kwa kutojali. Mwaka 1990 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ikauacha msimamo huo katika Murphy v Brentwood. Anayeusoma ukurasa wa Anns peke yake hataona dalili yoyote ya jambo hilo. Isitoshe, kilichokufa Uingereza hakikufa kila mahali: Kanada iliendelea na kipimo cha Anns, ikakiboresha katika Cooper v Hobart mwaka 2001, na mwaka 1996 Privy Council, chombo cha London kilichokuwa kikisikiliza rufani za mwisho za New Zealand, katika rufani ya Hamlin iliiruhusu nchi hiyo kutofuata Murphy. Kwa hiyo usiulize tu kama kesi inasimama. Uliza inasimama katika mahakama zipi.

Chombo ninachokipendelea hapa ni LawCite ya AustLII, ambayo ni bure na huorodhesha kesi za baadaye zilizoitaja kesi yako; CanLII nayo ina orodha ya aina hiyo. Anza na za mahakama ya juu kabisa, mpya zikitangulia, na usome aya yenyewe inayoitaja kesi yako, kwa maana kutajwa si kufuatwa: jaji anaweza kuitaja ili aitofautishe, yaani aonyeshe kwamba haihusu shauri lililo mbele yake, au ili aikatae.

Programu za akili bandia usizitumie katika hatua hii. Juni 2023, katika Mata v. Avianca, mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kesi usiyoweza kuifungua katika hifadhidata ya hukumu, iondoe.

Hatua ya 5: Kagua toleo la sheria

Kifungu kilichonukuliwa katika hukumu huenda kimerekebishwa tangu hapo, basi soma toleo lililokuwa likitumika wakati wa tukio lako, si wakati wa hukumu. Tovuti ya legislation.gov.uk, kwa mfano, hutoa onyo juu ya ukurasa pale ambapo kuna marekebisho yasiyokwisha kuingizwa, na wanafunzi wengi hulipita bila kulisoma.

Hatua ya 6: Hifadhi

Pakua hukumu nzima, kisha andika kando ya rejea yake namba ya aya na tarehe uliyofanya ukaguzi wa hatua ya 4. Siku moja kabla ya kuwasilisha, rudia ukaguzi huo kwa zile kesi mbili au tatu zinazobeba hoja yako.